Chati ya karatasi, kompyuta tupu au kompyuta inayokagua: hospitali ichague ipi ya kuandikia dawa?

Wiki ya pili ya kazi yangu ya ufamasia, muuguzi wa zamu ya usiku alinipigia simu kutoka wodini. "Mdogo wangu, hebu njoo uniangalizie chati hii. Kweli daktari anataka sindano nzima?" Chati iliandikwa insulini 10U. Ile U ilikuwa imefungwa juu kwa haraka ya kalamu, ikageuka sifuri. Yuniti 10 zikasomeka 100, na yuniti 100 ndiyo sindano ya insulini ya mililita moja iliyojaa mpaka mwisho. Mgonjwa aliokolewa na macho ya mama yule aliyezoea kuvuta insulini kila siku, akaona kiasi kile si cha kawaida.

Kwa hiyo kila nikisikia hospitali inataka kuacha karatasi na kuanza kuandikia dawa kwenye kompyuta, nafurahi, lakini huwa nina swali moja: daktari akiandika yuniti 100 mahali pa 10, mfumo huo utafanya nini? Ukimuuliza maswali, tumepiga hatua. Ukinyamaza, tumebadilisha mwandiko tu, tena tumempokonya muuguzi ile shaka aliyoipata kwa kuona herufi imekaa vibaya. Yuniti 100 zilizochapwa vizuri hazitiliwi shaka na mtu.

Ndiyo maana katika ulinganisho huu sitaweka karatasi upande mmoja na kompyuta upande wa pili. Njia ni tatu, na ile ya katikati ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Karatasi, tupu na iliyopangwa

Ukisema karatasi, wengi huwaza faili lililokunjamana ambalo kila daktari huandika apendavyo. Hiyo ni karatasi tupu, na hatari zake zinajulikana dunia nzima. 1.0 inasomwa 10 kwa sababu nukta imefifia. .5 inasomwa 5 kwa sababu hakuna sifuri mbele. Kisha kuna kunakili: daktari anaandika kwenye faili, muuguzi anahamishia kwenye chati, mwingine anahamishia kwenye karatasi ya kupeleka dirisha la dawa. Kila mkono unaopokea ni mahali pengine pa kukosea.

Lakini ipo karatasi ya namna nyingine. Juu kabisa pana nafasi ya uzito, na haiachwi wazi. Chini yake pana nafasi ya mzio yenye mstari mnene kuizunguka. Dozi ina safu mbili, moja ya miligramu kwa kilo na nyingine ya dozi kamili, ili mtu wa pili aweze kurudia hesabu. Neno "yuniti" limekwisha kuchapwa, hakuna wa kuandika U. Daktari anaandika kwenye chati hiyohiyo ambayo muuguzi atatia sahihi akitoa dawa, na mfamasia anaipitia hiyohiyo. Hakuna kunakili.

Karatasi ya hivyo inafanya kazi kweli, na ushahidi uko jirani. Kenya, kuanzia 2006 hadi 2008, hospitali 8 za wilaya zilifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa 2011. Hospitali za kundi la kwanza zilipewa miongozo ya tiba ya watoto, mafunzo, fomu ya kumpokea mtoto yenye vipengele vilivyopangwa, usimamizi wa mara kwa mara na mrejesho wa namna wanavyofanya. Za kundi la pili zilipata sehemu tu ya msaada huo. Mwishoni, watoto walioandikiwa kwinini kupita miligramu 40 kwa kilo kwa siku walikuwa asilimia 1.0 katika kundi la kwanza, dhidi ya 7.5 katika la pili. Waliopewa jentamaisini, antibiotiki ya sindano, pungufu walikuwa asilimia 2.2 dhidi ya 9.0. Fomu peke yake haikuleta hayo, ulikuwa mzigo mzima wa kazi. Lakini katika mzigo ule hapakuwa na kompyuta ya kuandikia dawa hata moja.

Mipaka yake nayo iko wazi. Karatasi haijui kwamba kreatinini ya mgonjwa, kipimo cha figo, imepanda leo asubuhi. Haijui kwamba kliniki ya kifua kikuu ilimwanzishia rifampisini wiki iliyopita. Ikienda chumba cha upasuaji, haipo wodini. Na faili likipotea, mzio wa penisilini ulioandikwa ndani yake umepotea nalo.

Kompyuta tupu

Kompyuta tupu naiita ile inayopokea kila unachoandika. Unachagua jina la dawa, unajaza kiasi, unabofya "hifadhi", basi. Mifumo mingi ya namna hii imezaliwa upande wa mapato na madai ya bima, halafu ikaongezewa ukurasa wa dawa. Kazi ya kuhesabu inaifanya vizuri: dawa iliyotoka, iliyolipiwa, iliyobaki stoo. Mwandiko unasomeka, na kunakili kunapungua. Hizo ni faida za kweli, na kwa mtu wa stoo ni kubwa mno.

Kwa mgonjwa, hesabu ni nyingine. Salt Lake City, Marekani, kuna hospitali ya wanajeshi wastaafu iliyokuwa mbele kabisa kwa kompyuta: maagizo ya dawa yaliingizwa kwenye mfumo, dawa zilitolewa kwa kusoma msimbopau (ile mistari ya kwenye pakiti), kumbukumbu zote zilikuwa kwenye skrini. Watafiti walipofuatilia waliolazwa 937, walikuta matukio 483 ya madhara ya dawa yenye uzito, sawa na 52 kwa kila waliolazwa 100. Ripoti hiyo ya mwaka 2005 ilisema wazi pengo lilipokuwa: mfumo haukuwa ukimsaidia daktari kuchagua dawa, kupanga dozi, wala kufuatilia mgonjwa baada ya kumwanzishia dawa.

Tena kompyuta tupu huja na makosa yake yenyewe, ambayo karatasi haikuwa nayo. Mwaka huohuo wa 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walieleza namna 22 ambazo mfumo wa hospitali moja ulikuwa unarahisisha makosa ya dawa. Moja naikumbuka kila nikipanga orodha ya dawa. Skrini ilionyesha vipimo vya vidonge vilivyomo stoo. Dawa ambayo dozi yake ya kawaida ni miligramu 20 au 30 ilionekana kama kidonge cha miligramu 10, kwa sababu ndicho kilichonunuliwa, na madaktari wakadhani 10 ndiyo dozi ya kuanzia. Hakuna aliyekosea kuandika. Orodha ya stoo ndiyo iliyogeuka mwongozo wa tiba bila mtu kukusudia. Mfumo huohuo ulimlazimisha daktari wakati mwingine kupitia skrini hadi 20 ili aone dawa zote za mgonjwa mmoja.

Halafu kuna kumfungua mgonjwa asiye wake. Kwenye faili la karatasi unaliona jalada na umesimama kando ya kitanda. Kwenye skrini, majina mawili yanayofanana yako mstari mmoja juu ya mwingine, na kidole kinateleza. Wodi zetu za watoto wachanga zinalijua hili: "Mtoto wa Asha", "Mtoto wa Asha", na wa tatu "Mtoto wa Aisha". Hospitali ya Montefiore, New York, ilijaribu dawa mbili za ugonjwa huu. Kwanza, daktari alitakiwa kuandika upya vitambulisho vya mgonjwa kabla ya kuagiza dawa, na maagizo ya kumkosea mgonjwa yakapungua kwa asilimia 41. Pili, vichanga waliacha kupewa jina moja la jumla, wakapewa lililojengwa juu ya jina la kwanza la mama, na makosa yakapungua kwa asilimia 36. Yote mawili yanahitaji mtu wa kuyaweka kwenye mfumo. Mfumo tupu hauna.

Kompyuta inayokagua

Hapa ndipo sifa za kompyuta zilikotoka. Hospitali ya Brigham and Women's, Boston, ilichapisha matokeo yake mwaka 1998: makosa makubwa ya dawa yaliyompita kila mtu bila kuzuiwa yalishuka kutoka 10.7 hadi 4.86 kwa kila siku 1,000 za kulazwa, pungufu ya asilimia 55. Takwimu hiyo ndiyo wauzaji wa mifumo wanayopenda kuitaja, na ni ya kweli. Ila mfumo wa Boston ulikuwa na dozi zilizopangwa tayari kwenye orodha, na ulikagua mzio na dawa zinazogombana. Anayekuletea kompyuta tupu hana haki ya kuazima asilimia 55 za mwenzake.

Tuone kwa karibu inavyosaidia. Mtoto wa kilo 12 analetwa na malaria kali. Artesuneti ya sindano kwa mtoto wa chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kilo. Kuanzia kilo 20 ni 2.4. Daktari aliyezoea wakubwa akitumia 2.4, mtoto anapata miligramu 28.8 badala ya 36. Kwenye chupa ya miligramu 60 iliyochanganywa kwa kuingia mshipani, kila mililita ina miligramu 10, kwa hiyo anahitaji mililita 3.6. Mfumo unaokagua unadai uzito kwanza, unachagua 3 au 2.4 wenyewe, unaonyesha 36 na mililita zake, kisha unapanga saa 0, saa 12 na saa 24. Daktari wa zamu aliyekesha hana hesabu ya kufanya saa nane za usiku. Ana kazi ya kuangalia tu kama jibu linaingia akilini.

Au mgonjwa anayeishi na VVU, anatumia dolutegraviri miligramu 50 mara moja kwa siku, na sasa anaanzishiwa rifampisini ya kifua kikuu. Rifampisini inashusha dolutegraviri mwilini, inabidi apewe 50 mara mbili kwa siku. Kliniki ni mbili, faili ni mbili, madaktari ni wawili. Karatasi haiwezi kuwakutanisha. Mfumo mmoja unaokagua unaweza.

Ubaya wake unaanza ukikagua kupita kiasi. Mapitio ya tafiti yaliyotoka 2006 yalikuta madaktari wakiruka kati ya asilimia 49 na 96 ya maonyo ya usalama wa dawa. Siwalaumu. Onyo likitokea kwa parasetamoli na kwa kila kitu, kidole kinajifunza kubofya "endelea" kabla jicho halijasoma.

Jambo lililotokea San Francisco mwaka 2013, katika hospitali ya watoto ya Chuo Kikuu cha California, nalisimulia kwa kila mwanafunzi wangu wa mazoezi. Kijana wa miaka 16, mwenye kilo 38 na ushee, alikuwa akitumia Septra, hii tunayoiita Septrini, kidonge kimoja cha miligramu 160. Kwa kuwa alikuwa chini ya kilo 40, utaratibu ulidai dozi iandikwe kwa uzito. Hesabu haikulingana na kidonge, mfamasia akamwomba daktari arekebishe iwe 160. Daktari akaandika 160. Skrini ilikuwa inasubiri miligramu kwa kilo. Mfumo ukazidisha, ikatoka idadi ya vidonge 38 na nusu. Onyo lilitokea kwa daktari, likarukwa. Likatokea kwa mfamasia, likarukwa. Roboti ikafungasha vidonge bila kosa. Muuguzi alishangaa, lakini aliposoma msimbopau skrini ikamwambia ni sahihi, na kijana akavimeza vyote. Alipata degedege, akapona.

Msimbopau ule haukudanganya. Unajibu swali moja tu: je, hiki ndicho kilichoagizwa? Swali la kama kilichoagizwa kina akili si lake. Bado nauunga mkono, kwa sababu Brigham walipouunganisha na chati ya kompyuta, makosa ya utoaji dawa, ukiondoa ya muda, yalishuka kutoka asilimia 11.5 hadi 6.8, na ya kunakili yakaisha. Ila usinunue msimbopau kabla ya kuwa na kikomo cha dozi. Kikomo ninachokisema ni kile kinachokataa kabisa. Vidonge 38 havitakiwi kuwa na kitufe cha "endelea".

Mfumo mmoja, hospitali mbili

Kuna ulinganisho mwingine ambao kamati za ununuzi huwa hazifiki, nao una uzito kuliko yote. Hospitali ya Watoto ya Pittsburgh ilianza kutumia mfumo wa maagizo mwishoni mwa 2002, hospitali nzima kwa siku 6. Kwa watoto waliohamishiwa pale kutoka hospitali nyingine, vifo vilipanda kutoka asilimia 2.80 hadi 6.57 katika miezi iliyofuata. Hospitali ya watoto ya Seattle iliweka programu ileile. Vifo katika wodi yake ya wagonjwa mahututi vilikuwa asilimia 4.22 kabla na 3.46 baada, tofauti isiyotosha kusema vimepungua, lakini hakika havikupanda.

Nini kilitofautiana? Pittsburgh, kabla ya mfumo, timu iliandika dawa mtoto akiwa bado njiani, zikamsubiri mlangoni. Baada ya mfumo, hakuna dawa kuagizwa mpaka mtoto afike na asajiliwe. Agizo lililokuwa likichukua sekunde chache likawa la dakika moja hadi mbili za kubofya. Dawa za dharura zilizokuwa wodini zilihamishiwa famasi kuu. Daktari na muuguzi wakageukia skrini, mtoto akabaki na mtu mmoja pungufu. Na mtandao ulikuwa ukikwama. Seattle walijifunza kwa wenzao: walitengeneza mapema vifurushi vya maagizo ya magonjwa ya kawaida, daktari abofye mara moja apate kila kinachohitajika. Miaka michache baadaye hospitali ya watoto ya Stanford iliripoti vifo kupungua kwa asilimia 20 baada ya kuweka mfumo wake.

Nikisoma habari za Pittsburgh nawaza mapokezi yetu: mgonjwa asiyesajiliwa haonekani kwenye mfumo, ndugu yuko foleni ya dirisha la usajili, na degedege haisubiri namba ya faili. Hospitali yoyote inayoweka mfumo lazima iwe na njia ya kumsajili mgonjwa wa dharura kwa jina la muda ndani ya nusu dakika, na sanduku la dawa za dharura libaki palepale wodini.

Basi uchague ipi

Kama umeme wako unakatika mara kwa mara na betri za akiba hazitoshi, kama wodi ya vitanda 40 itapata kompyuta moja iliyofungwa mezani kwa muuguzi, na kama huna mfamasia atakayepewa muda wa kupanga dozi kwenye orodha, ningechagua chati ya karatasi iliyopangwa vizuri, na fedha nyingine ningeiweka kwenye mizani ya watoto na mfamasia wa kupita wodini kila asubuhi. Hiyo si kurudi nyuma. Ni salama kuliko kompyuta tupu ambayo daktari huiendea baada ya raundi akiwa na majina sita kichwani.

Kama tayari mnayo kompyuta tupu, msiitupe. Hospitali nyingi za halmashauri Tanzania zimepewa mfumo, hazikuuchagua. Kwao swali ni nani anayesimamia orodha ya dawa ndani yake. Anzeni na dawa kumi zinazoua au kudhuru vibaya dozi ikikosewa: insulini, kloridi ya potasiamu ya mshipani, heparini, mofini, magnesi, jentamaisini ya watoto na za kundi hilo. Waombeni watengenezaji uzito uwe wa lazima kwa mtoto, na kikomo cha dozi kwa hizo kumi. Mpaka kikomo kiwepo, chati ya karatasi ya dawa hizo kumi ibaki wodini na mfamasia aipitie kabla dawa haijatoka.

Na kama mnaweza kupata mfumo unaokagua, vishikwambi vya kutosha raundi, na mtu wa kuupunguzia maonyo yasiyo na maana kila mwezi, chukueni huo bila kusita. Ila msiuamini kwa maneno. Marekani, ambako mifumo hii imeenea, kipimo cha Leapfrog, shirika la huko linalopima usalama wa hospitali, huwapa madaktari wagonjwa wa kubuni na kuwataka waagize dawa za hatari waone kama mfumo utazuia. Mwaka 2009 wastani wa alama za hospitali ulikuwa asilimia 53.9, mwaka 2018 ulikuwa 65.6. Maana yake, baada ya fedha zote zile, karibu theluthi ya hatari bado zilikuwa zinapita.

Kipimo kama hicho mnaweza kukifanya wenyewe, siku muuzaji anapokuja na projekta yake. Mruhusuni amalize. Kisha daktari wenu, si fundi wake, akae kwenye kiti na amfungue mtoto wa kubuni wa kilo 8. Jentamaisini kwa miligramu 7.5 kwa kilo ni 60; aagize 600. Amfungue mgonjwa mwenye mzio wa penisilini, aagize Augmentin, ambayo ni ya ukoo huohuo wa penisilini. Aagize metotreksati ya baridi yabisi kila siku, wakati hutolewa mara moja kwa wiki. Aagize Panadol ya vidonge na dripu ya parasetamoli kwa pamoja, aone kama mfumo unajua ni dawa moja. Amwongezee rifampisini mgonjwa wa dolutegraviri. Andikeni kila mahali mfumo ulipokataa, ulipoonya na ulipokaa kimya.

Mwisho, mtu mmoja atoke nje achomoe waya wa mtandao, na daktari aliyeko kitini ajaribu kumwandikia dawa mgonjwa anayefuata.